Sweta la Kwenda Poland

Astamaya alikuwa mtu wa kupitiliza, na hilo mji wetu mzima wa Tansen unalijua. Akipika dengu, anapika za kulisha mtaa. Akigombana na mtu, anagombana naye mpaka mwenzake anasahau walianzia wapi, anaomba radhi kwa jambo lingine kabisa. Kwa hiyo mnajimu Joshi alipomwambia kwamba siku ya ndege ya mjukuu wake ni siku mbaya, na kwamba inatosha begi la kijana litolewe nyumbani siku njema iliyo kabla yake likalale kwa jirani, Astamaya alisema begi peke yake halitoshi. Atatoka kijana mwenyewe, na viatu vyake mguuni.

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Ndege ina siku zake na nyota zina siku zake, na zikipishana, mtu anatoa kitu chake nyumbani kwa saa njema, na safari inahesabiwa imeanza pale kitu kilipovuka kizingiti. Siku ya kuondoka anakipitia kwa jirani na kwenda zake. Wengine hutoa kitambaa tu, kimefungiwa kokwa la popoo na sarafu.

"Kitambaa hakiendi Poland," alisema Astamaya. "Anayekwenda ni mtu."

"Mama yangu, nakuomba, toa begi," alisema Joshi, ambaye alimjua tangu wote wawili wana meno. "Begi likitoka leo na kesho mambo yakageuka, linarudi bila neno. Mtu akishatoka kwa saa yake harudi ndani. Akirudi hata kunywa maji tu, saa imevunjika. Na mimi mbele sioni saa nyingine ya kufaa mpaka sikukuu ya Dasain ipite."

"Chuo kinafunguliwa kabla ya Dasain."

"Si ndiyo nakwambia utoe begi!"

"Atatoka mtu," alisema Astamaya, akajifunga shali yake na kuondoka, mwendo wa mtu aliyeshinda kesi.

Msimcheke. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilining'inia ukutani kwake, ndani ya fremu iliyovishwa shada la maua ya plastiki. Kedar, mwanawe wa pekee, alikwenda kufanya kazi Qatar wakati mtoto wake Subin, ndiye huyu mjukuu wa safari, ndiyo kwanza anaanza shule. Alitoka kwa saa njema kabisa, paji la uso likiwa jekundu kwa tika ya baraka, mitungi ya maji imepangwa huku na huku ya mlango. Alipofika kwenye bomba la maji la kona, mama yake akaona chaja ya simu imebaki dirishani. Akaita.

"Kedar! We Kedar! Umesahau chaja!"

Hata mtoto wa kwetu anajua kwamba mtu aliyekwisha kutoka haitwi kwa nyuma. Lakini mama akiona kitu cha mwanawe kimebaki, mdomo hutangulia akili. Kedar alirudi mbio, akaingia ndani, akachukua chaja, akanywa maji amesimama, akacheka, akatoka tena. Mwaka wa pili akarudishwa ndani ya sanduku. Walisema alilala mzima na hakuamka. Wapo wengi waliorudi hivyo katika wilaya yetu, na karatasi zao zote zimeandikwa maneno yaleyale. Mkewe alikaa mwaka wa msiba, kisha akarudi kwao Pokhara na baadaye akaolewa, na hakuna aliyemlaumu, hata mama mkwe wake.

Watu walilaumu joto la Qatar, wengine wakalaumu kazi, wengine wakasema ni majaliwa. Astamaya alililaumu koo lake. Hakumwambia mtu isipokuwa Tulasa, jirani wa mbele, ambaye mumewe ana duka la mboga chini ya nyumba yao. Na Tulasa, kwa jinsi anavyopenda maneno, hilo alilimeza.

Tangu hapo Astamaya alimlea Subin kwa kitanda chake cha kufumia. Kofia za nusu ya wanaume wa mji huu zimetoka kwenye kitambaa alichokifuma yeye, na nusu nyingine wamevaa cha mtu ambaye yeye anasema hajui kazi. Kitanda kiligonga tangu asubuhi mpaka jioni, na mtoto alisoma pembeni yake hata akawa hawezi kusoma mahali pa kimya. Alikuwa mtoto mkaidi ajabu. Ukimwambia panda, anashuka. Aliambiwa asiende mtoni, akaenda. Aliambiwa asome ualimu abaki Tansen, akaingia kwenye simu yake, akajaza maombi peke yake, na siku moja akashuka kutoka darini na kusema amepata nafasi Poland, chuo kikuu, uhandisi wa maji.

"Maji?" alisema Astamaya. "Maji ya hapa yana ubaya gani?"

"Hayapo, Bibi. Bomba linatoa kwa zamu."

Astamaya akarudi kwenye uzi wake.

Viza ilikuwa ya kuombwa Delhi, na wote waliotangulia walisema kule unaulizwa maswali ukiwa umesimama mbele ya kioo, na ukibabaika umekwisha. Basi Astamaya akajifanya yeye ndiye mtu wa ubalozi. Aliketi kwenye benchi la kufumia, akavaa miwani, akamsimamisha mjukuu wake mbele yake.

"Jina?"

"Unalijua, Bibi."

"Mimi si bibi yako. Jina?"

"Subin Shrestha."

"Unakwenda kufanya nini kwetu?"

"Kusoma."

"Ukimaliza, utarudi kwenu?"

"Nitarudi."

Astamaya alimtazama juu ya miwani. "Husemi vizuri. Sema tena."

"Nitarudi."

"Unasema kama mtu anayeahidi kulipa deni. Sema tena."

Alimsemesha hivyo kila jioni, kwa wiki nzima na zaidi. Mengine yote aliyaruka, hilo moja hakuliruka. Subin alianza kwa kucheka, akaja akachoka, mwishowe akawa anasema "Nitarudi" kwa sauti tulivu inayotoka kifuani, na Astamaya alipoisikia hivyo alivua miwani na kusema sasa wanaweza kumpa viza. Wakampa.

Wakati Subin yuko Delhi, Astamaya alikwenda hospitali na Tulasa kwa sababu miguu ilikuwa inavimba na viatu vimeanza kumkataa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia moyo umepanuka na umechoka, unashindwa kuyasukuma maji ya mwili, anywe dawa na aache kupanda ngazi.

"Nitafika miaka mitatu?" aliuliza Astamaya. Masomo ya Subin yalikuwa ya miaka mitatu.

Daktari alisema anywe dawa bila kukosa, arudi mwezi ujao. Astamaya akaelewa. Njiani alimwapisha Tulasa kwa picha ya Kedar kwamba Subin hatajua. Tulasa aliapa huku analia, na Astamaya akamgombeza kwa kulia barabarani.

Maandalizi yakapamba moto. Mchele wa kuponda ukapakiwa, na pilipili kavu, na achari, na sufuria ya presha, maana kila aliyekwenda Ulaya hupiga simu kulia kwamba dengu za huko haziivi. Begi lilipimwa kwenye mizani ya duka la Tulasa, kati ya viazi na koliflawa, na kila likizidi Subin anatoa pakiti moja, na akigeuka tu Astamaya anairudisha. Na kulikuwa na sweta. Mwanamke huyu aliyefuma vitambaa maisha yake yote hakuwahi kushika sindano za sweta, lakini alisikia kwamba Poland theluji inafika magotini, akasema sweta la mjukuu wake halitoki dukani. Tulasa alimfundisha. Mkono mmoja ukatoka sawasawa, na wa pili akaufanya polepole, akiufumua na kuuanza upya.

Siku njema ilipofika, Subin alitoka nyumbani asubuhi. Mitungi ya maji ilijazwa na kuwekwa maua. Astamaya alimpaka mtindi na tika, akamtia yai la kuchemsha mkono mmoja na samaki mkavu mkono wa pili, akamnywesha kikombe cha pombe ya nyumbani, akamvika shada, kama msafiri anavyoagwa kwetu. Kijana akachukua begi lake kubwa, akavaa viatu vipya vya kuchomeka tu, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akavuka na kichochoro. Kichochoro chenyewe wapagazi wawili wenye matenga hawapishani.

"Kwaheri, Bibi!" alipaza sauti kutoka mlangoni kwa Tulasa. "Nimefika salama!"

"Huko kuna baridi?" aliuliza mtu kutoka dirisha la juu.

"Baridi hakuna. Kuna harufu ya vitunguu."

Mtaa mzima ukacheka. Astamaya alicheka kuliko wote, kisha akaingia ndani na kukaa kwenye benchi lake bila kugusa uzi.

Siku za kwanza hazikuwa mbaya. Alivuka mwenyewe kumpelekea chakula, akakaa kwenye gunia la viazi kumtazama anavyokula. Lakini jioni moja Subin alipata ujumbe kwenye simu: shirika limefuta ndege, atasafirishwa kwa nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa mbele kwa zaidi ya wiki. Chuo hakitamfungia mlango, watamngoja. Tatizo lilikuwa nyota. Astamaya akaenda kwa Joshi, safari hii bila ule mwendo wa kushinda kesi.

"Anaweza kurudi nyumbani akatoka tena?"

"Begi lingerudi," alisema Joshi.

"Nimekuuliza habari ya begi?"

"Mtu harudi, Mama yangu. Asubiri hukohuko. Au muivunje saa, asafiri bila saa. Wengi wanasafiri hivyo siku hizi na wanafika."

Astamaya alimwona Kedar akinywa maji amesimama. Akasema atasubiri hukohuko.

Subin aliposikia aliweka mikono kichwani. "Bibi, huu mchezo sasa. Kitanda changu nakiona kutoka hapa. Shati langu lile linaning'inia kwenye kamba. Acha nije nilale kwangu."

"Kwako wapi? Wewe uko safarini."

"Safari gani hii ninatumwa maziwa?"

"Dukani nenda. Humu usitie mguu."

"Siku moja nitaingia tu. Utanifanya nini?"

"Ingia uone. Nitapiga kelele mpaka polisi waje."

Na Subin alikuwa Subin. Astamaya alijua kwamba kumkataza ndiyo njia ya kumwalika. Akawa anafunga mlango kwa komeo mchana, jambo lisilofanywa na mtu yeyote mtaani kwetu. Lakini akilala alikuwa anaacha sikio ngazini, na kila mbao ikilia alijiandaa kugombeza, na ilipokuwa paka tu alihisi kitu kinamshuka kifuani. Hakukiita kwa jina lake. Mimi nakiita hamu. Alitaka mtoto avunje katazo, na yeye asiwe amemruhusu.

Kisha asubuhi moja alisimama juu ya ngazi na miguu ikakataa. Ngazi zetu ni zile za kushuka ukiwa umegeukia ukuta, unashika kamba. Alishika kamba, akashuka kidato kimoja, pumzi ikaisha kama amepanda kilima. Akarudi juu kwa magoti na mikono. Tulasa alipokuja kuona mbona kimya, alimkuta ameegemea dirisha, midomo ina rangi ya zambarau.

"Mwambie Subin ni magoti," alisema Astamaya.

"Dada, mwite. Nakusihi. Mtoto aje akuone walau kidogo. Hao miungu watakasirikia nini, kijana kumshika bibi yake mkono?"

"Mmoja nilishamwita," alisema Astamaya.

Tulasa alimpa dawa, akampangia mito pale dirishani ili awe anapumua vizuri, na kuanzia siku hiyo akawa anapanda na kushuka yeye.

Subin alisimama kichochoroni, shingo imepinda juu. "Bibi, magoti gani hayo?"

"Ya uzee. Unadhani nimeyanunua lini?"

"Nije nikukande na mafuta."

"Uko Poland. Mikono itafika?"

Alitaka kucheka naye lakini alimtazama zaidi ya kawaida, na Astamaya akarudi nyuma kidogo ili kivuli cha dirisha kimfunike uso. Tulasa anasema jioni ile kijana alimbana jikoni, akamuuliza mara kwa mara kama Bibi anaumwa kitu. Tulasa alimwambia ni magoti. Alisema uongo huo akiwa amempa mgongo, anakata vitunguu, ili machozi yawe na kisingizio.

Pale dirishani Astamaya alimaliza sweta. Mkono wa pili ulitoka mrefu kuliko wa kwanza, na hakukuwa na nafasi ya kufumua tena. Tulasa alilipeleka ng'ambo. Subin akalivaa kwenye jua la mwisho wa mvua, jasho linamtoka, akatembea nalo kichochoroni kama bwana harusi.

"Bibi! Huko Poland watu wana mkono mmoja mrefu?"

"Huo ni wa kuandikia. Baridi ikija utaficha vidole."

"Na nikiwa naandika?"

"Ukiandika unaukunja. Unakwenda chuo kikuu na hujui kukunja mkono wa sweta?"

Aliuinua ule mkono mrefu ukapita ncha za vidole, akaupunga kwa dirisha. Astamaya akapunga naye. Walikaa wakipungiana hivyo kwa utani, tena na tena, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha, mpaka mpagazi mwenye friji mgongoni akawaomba njia.

Jioni ya kuamkia safari, Subin alimpa Tulasa lile sweta alirudishe kwa Bibi, eti kifungo kimoja kinalegea. Astamaya alikivuta kifungo, akakiona hakilegei sana, lakini akakishona upya kwa uzi maradufu. Akalitundika kwenye msumari wa dirisha ili Tulasa alichukue asubuhi.

Asubuhi mambo yakawa mengi. Gari la kwenda uwanja wa ndege wa Bhairahawa lilikuwa linangoja chini barabarani, kwa sababu gari haliingii huku kwetu. Tulasa alikuwa na mtindi, na maua, na mumewe anayetafuta kofia. Tika ya Astamaya alikuwa ameikoroga mwenyewe kwenye kibakuli, mchele na mtindi na unga mwekundu, akampa Tulasa aishushe na kuipaka kwa mkono wake. Alikaa dirishani amevaa sari yake nzuri, nywele amezibana, kama mtu anayengoja picha.

Subin alitoka kwa Tulasa na tika yake usoni. Lakini hakugeukia barabara. Alivuka kichochoro, akaja mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yao, akasimama nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka juu Astamaya hakumwona tena, alimsikia tu, chini ya ngazi.

"Bibi."

"Naam, baba."

"Nipande?"

Tangu azaliwe, Subin hakuwahi kuomba ruhusa. Aliyemngoja siku zote hizo ni mkaidi wake, yule wa mtoni, ambaye angepanda ngazi mbilimbili akagombezwa na kukumbatiwa kwa wakati mmoja. Aliyekuja sasa alikuwa kijana mtiifu, anauliza kwa ile sauti tulivu ya kifuani aliyomfundisha mwenyewe. Angepanda bila kuuliza, bibi yake asingemzuia. Lakini alikuwa ameuliza, na sasa neno lilikuwa lake yeye.

Astamaya alishika fremu ya dirisha. Alitaka kusema panda. Ninajua alitaka, kwa sababu Tulasa alimwona kutoka chini jinsi midomo ilivyokuwa inakwenda.

"Usipande," alisema. "Nenda salama, mwanangu. Nenda usome."

Subin akainama, akaweka paji la uso kwenye jiwe la kizingiti, upande wa nje, mahali ambapo miguu ya bibi yake ingekuwa. Tika ikabaki kwenye jiwe. Astamaya alimwaga mchele na maua kutoka dirishani yakamwangukia mabegani, naye akashika mpini wa begi na kuondoka, hakugeuka, kwa sababu anayeondoka hageuki.

Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa nyumba ya tatu Astamaya aliposikia kitu kinamgusa bega. Upepo ulikuwa umelisukuma sweta. Lilikuwa bado kwenye msumari.

Mdomo ukatangulia. Ulifunguka wenyewe, kama ulivyofunguka siku ile, na jina lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akaunyakua ule mkono mrefu, akaujaza mdomoni, akauma. Alimwona mjukuu wake anatembea polepole, polepole sana kwa mtu anayengojewa na gari. Kwenye bomba la maji alisimama. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Akafunga kiatu cha pili. Akainuka, akalikagua begi kama limefunguka, akalifuta maji ambayo hayakuwapo. Tulasa aliyemsindikiza alisimama naye. Astamaya aliendelea kuuma sufu mpaka taya zikamuuma, na machozi yakamwingia masikioni kwa jinsi alivyokuwa ameegemeza kichwa. Subin akapinda kona.

Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri Tulasa alipopanda ngazi na mtindi uliobaki. Alimkuta Dada yake palepale, sweta mapajani, mkono mmoja umelowa.

"Amesahau sweta," alisema Astamaya. "Nimeliona, Tulasa. Nimeliona na sikumwita. Safari hii sikumwita."

Aliyasema kwa fahari. Tulasa aliweka kibakuli chini, akakaa sakafuni. Angeweza kunyamaza kama alivyonyamaza miaka yote kuhusu ile chaja. Lakini alikuwa amechoka kunyamaza.

"Hakusahau, Dada. Mlangoni nilimkumbusha, nikamwambia sweta liko juu, ngoja nikimbie. Akanishika mkono. Akasema, liache, Mama Mdogo. Akiliona ataniita. Akiniita, nimeitwa na yeye mwenyewe, napanda."

Astamaya alilitazama sweta.

"Pale bombani," alisema mwishowe, "nilidhani anafunga kamba za viatu."

"Viatu vile havina kamba, Dada."

Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio ambacho hata Kedar hakumlilia hivyo, kwa sababu kwa Kedar alikuwa na cha kulaumu. Tulasa alimshika kichwa. Chini mumewe alikuwa anapanga koliflawa, akasimama na koliflawa mkononi, hakujua aendelee au afunge duka.

Subin alipiga simu mchana kutoka uwanja wa ndege. Tulasa alitaka kupokea yeye, Astamaya akamnyang'anya.

"Bibi, nimefika uwanjani. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Bibi, hukuona kitu dirishani?"

"Nililiona, baba. Hujafika hata bombani, nilikuwa nimeshaliona."

"Mbona hukuniita sasa?"

"Ningekuitaje? Nilikuwa nimeliuma."

Ilisikika sauti ya wanawake wanaotangaza ndege, na watoto wa watu wanalia, na kijana anacheka, kisha akawa hacheki tena. Astamaya alivuta pumzi, akaivuta tena kwa sababu ya kwanza haikutosha. Alitafuta miwani yake juu ya benchi, akaivaa, ingawa hapakuwa na kijana aliyesimama mbele yake.

"Ukimaliza masomo," alisema, "utarudi kwenu?"

"Bibi, jamani."

"Mimi si bibi yako. Jibu swali."

"Nitarudi."

"Husemi vizuri. Sema tena."

Alisema tena, na tena, sauti ikimkatika njiani, na alipoita "Bibi? Bibi, umesikia?" ni Tulasa aliyeishika simu, kwa kuwa pumzi ya Astamaya haikutosha neno, akamwambia amesikia, ila amekwenda kunywa maji.